Madirisha ya Chumvi

Nianze na kosa langu, maana nisipolitaja mimi wapo watakaolitaja. Niliwahi kutia sahihi karatasi ya serikali inayosema kwamba nimeharibu madirisha mawili ya mashine, na sikuyaharibu. Nilijua ninachoandika. Nikiambiwa leo niandike tena, nitaandika tena, na mwandiko utakuwa mzuri zaidi, kwa sababu siku ile niliandika kwa hasira.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Chang'ombe, hii ya Dodoma, yalijaa ghafla sabuni za rangi, redio za kaseti na viatu vya mitumba vilivyoning'inizwa kwa kamba zake. Maofisini mambo yalikwenda kinyume: huko walikuwa wanapunguzwa watu. Kila wiki ilikuja tetesi mpya kuhusu nani anabaki na nani anaondoka, na watu wazima walianza kuwaamkia wakubwa zao mara mbili kwa siku. Mimi nilikuwa fundi sanifu katika maabara moja ya serikali hapa Dodoma, maabara ya kupima mawe na udongo. Nilikuwa mwanamke pekee aliyeruhusiwa kuigusa ile mashine kubwa, na nilihakikisha hakuna anayelisahau hilo.

Mashine yenyewe ilikuwa spektromita ya infraredi. Ililetwa kupimia jasi na udongo mweupe, na ilikaa mezani kama kabati la vyombo lililolazwa. Kazi yake si ngumu kuieleza. Kuna mwanga wa joto ambao macho hayauoni, ule unaousikia ukisogeza kiganja karibu na pasi. Mashine inaupitisha mwanga huo ndani ya kitu unachokipima, kisha peni inachora kwenye karatasi kiasi kilichofanikiwa kupita. Kila kitu kina sehemu zake za mwanga kinazozimeza, na hapo peni hushuka ikachora bonde. Jasi ina mabonde yake na methani ina yake, na kila bonde lina nambari yake, inayotaja ni mwanga gani uliomezwa.

Katika droo yangu, chini ya vitambaa vya kufutia, nilificha karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Hiyo haikuhusu jasi.

Nilikuwa nimesomeshwa mwaka mmoja na nusu ng'ambo, kwenye nchi ya baridi isiyoisha. Mwalimu wangu wa huko alikuwa akichunguza hewa ya Titani, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali. Mwezi ule una hewa nzito kuliko yetu, nyingi yake naitrojeni, na umefunikwa na ukungu wa rangi ya chungwa, hata chombo kilichotumwa kupita karibu nao hakikuiona ardhi yake. Lakini kilikuwa na kifaa cha kusoma mwanga wa joto. Gesi za juu kabisa kule zina joto zaidi kidogo kuliko za chini yake, kwa hiyo zinang'aa, na ule mng'ao unachora milima kwenye karatasi. Mmoja wa milima mirefu uko kwenye nambari mia saba ishirini na tisa. Huo ni wa asetilini. Ukiipima asetilini kwenye mashine ya mezani utapata bonde badala ya mlima, kwa kuwa hapa gesi inameza mwanga badala ya kuutoa, lakini nambari haibadiliki. Niliposikia habari hiyo sikulala vizuri siku mbili. Gesi iliyo kule mbali inatambulika kwa alama ile ile iliyonayo hapa!

Nikamwomba mwalimu aniruhusu nipime asetilini mimi mwenyewe. Alitabasamu.

"Huko kwenu hutahitaji mambo haya," alisema, akanipangia kuosha chupa na kupima mafuta ya mitambo.

Hakusema kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Mtu mbaya unaweza kumtukana moyoni ukapumua, lakini huyu alikuwa ananihurumia. Nilirudi nyumbani na nakala ya mchoro wa mwezi ule ndani ya begi, na azimio moja: bonde la asetilini nitalichora kwa mkono wangu, Dodoma, kwenye mashine ya kupimia jasi.

Sasa nieleze hayo madirisha. Gesi haiwekwi mezani kama jiwe. Inafungwa ndani ya bomba fupi la kioo, na mwanga unaingilia upande mmoja na kutokea wa pili. Tatizo ni kwamba kioo hakipitishi mwanga wa joto. Kinachopitisha ni chumvi, ndiyo, chumvi hii hii ya mboga, ikiwa imekaa kipande kimoja kilicho angavu. Mashine ilikuja na vipande viwili vya namna hiyo, vyembamba, ndani ya kopo lenye dawa ya kukausha unyevu; hata unga wa jasi hubanwa kati ya vipande hivyo ndipo upimwe. Ukivitazama ungeapa ni vioo vya saa.

Na hivyo ndivyo alivyovidhania mama yetu wa usafi. Alikuwa mtu mzima, rika la mama yangu, na alikuwa kwenye jengo lile kabla sijazaliwa kikazi. Hakuna kioo kilichowahi kumshinda. Jumamosi moja mkuu wa maabara alimwambia kwamba tume ya kupunguza wafanyakazi itakuja kukagua kabla ya mvua, kwa hiyo aanze mapema kusafisha kila kitu, "hata vioo vya mashine." Akafungua kopo, akaona vipande viwili vyenye ukungu kidogo, akaviloweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, kisha akaenda kufuta vumbi la madirisha ya ukutani.

Nilipofika alinipokea kwa furaha. "Mwanangu, vile vioo vyako viwili nimeviloweka. Leo vitang'aa."

Nilikimbilia beseni. Ndani kulikuwa na povu, na chini vibanzi viwili vyembamba kama pipi iliyokwisha mdomoni. Nilivishika, vikaniishia vidoleni.

Nilipiga kelele. Sitaki kujipamba: nilimfokea mwanamke wa umri wa mama yangu mpaka watu wa ofisi ya pili wakaja kuchungulia. Yeye alikuwa ameinama, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, anapapasa chini ya beseni akitafuta vioo ambavyo havipo tena.

"Vimekwenda wapi?" akauliza. "Mwanangu, mimi sijavitoa."

Hasira yangu iliisha pale pale, na aibu ikachukua nafasi. Nilimweleza kwamba ni chumvi. Alikaa chini sakafuni, akasema ataondolewa kazi. Lile beseni sikulimwaga. Nililianika juani nyuma ya jengo, na maji yalipokauka nikakwangua ugaga wa kijivu uliobaki, nikautia kwenye bahasha ya kaki. Hata sasa sijui kwa nini nilifanya hivyo, labda ni ubishi tu.

Jumatatu mkuu akaniita. Alinisogezea karatasi.

"Andika maelezo. Nani kaharibu."

"Nani alimwambia asafishe vioo vya mashine?" nikamuuliza.

Alitazama feni ya darini, ambayo ilikuwa haizunguki. "Andika jina lake, dada. Yeye hana elimu, kazi ya kufagia ataipata popote. Wewe una cha kupoteza."

Nikaandika jina langu. Aliisoma karatasi mara mbili kana kwamba nimeandika kwa lugha asiyoijua.

"Unajua tume inakuja?"

"Najua."

"Na mashine ndiyo imekufa. Madirisha mapya yanatoka ng'ambo, yanataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazipo. Ikifika siku ya tume haifanyi kazi, inaingia kwenye orodha ya chakavu."

"Nitaitafutia madirisha mengine."

Alicheka kwa muda mrefu. Ninamshukuru kwa kicheko kile, kwa sababu bila hicho pengine ningechoka njiani.

Nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga kule Nkuhungu, nikafikiri. Kule nilikosoma, madirisha ya chumvi yalifungiwa kwenye kabati lenye taa ya kutia joto, maana hewa yao ni maji matupu. Yule mwalimu mwenye huruma alikuwa akihangaika na unyevu kila siku ya maisha yake. Hapa kiangazi kinapasua midomo ya watu na kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kama kuna mahali duniani pa kukuzia jiwe la chumvi, ni hapa kwetu kwenye vumbi. Sikuhitaji fedha za kigeni. Nilihitaji chupa ya mdomo mpana, kitambaa cha kuzuia vumbi, na muda.

Nilianza na chumvi ya pakiti ya dukani. Niliiyeyusha, nikaichuja, nikaiacha itoe mawe polepole. Mwezi mzima ulipita, na yale mawe yakatoka meupe pe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Sijui walichanganya nini ndani yake. Siku za kuingoja tume zilikuwa zinapungua, nami sina kitu.

Ndipo nikapanda treni, tukapita Zuzu, nikashuka Bahi, nikaenda kwa mama.

Mama yangu alikuwa mtengeneza chumvi, kama mama yake kabla yake. Kiangazi wanawake wa kwetu hukwangua mbugani udongo wenye ukoko mweupe, wakautia kwenye chujio, wakamwagia maji, na yale yanayotona chini ndiyo huchemshwa mpaka yabaki chumvi. Iliuzwa mpaka mbali. Kisha zikaja pakiti, na wenye maduka wakaanza kuiita ya mama chumvi chafu. Ikabaki ya kulishia ng'ombe. Mama hakulisamehe neno hilo, na hakumsamehe mtu yeyote aliyewahi kulitamka.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Sasa siku ya kazi unatafuta nini huku?"

"Maji ya chumvi. Yale ya kabla ya moto."

Aliweka chini ungo wake. "Nimeuza ng'ombe usome. Umesoma mpaka kwa Wazungu. Umerudi kuniomba maji ya chumvi?"

"Ndiyo."

"Ya kufanyia nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kuijua hewa ya mwezi wa sayari nyingine. Alinitazama kuona kama akili yangu ni nzima. Kisha, badala ya kuniuliza mwezi gani, akauliza ninayaacha maji kwenye chombo cha namna gani, na kama nayagusa. Nikasema huwa natikisa chupa kila siku, kuona kama yako tayari.

"Ndiyo maana!" akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahi. "Ukiisumbua inazaa watoto wengi wadogo. Ukitaka mmoja mkubwa, mwache peke yake. Na hayo maji yalikuwa yameshiba?"

Alinionyesha kwa yai la kuku. Likizama, maji bado yana njaa. Likielea na kichwa nje, yameshiba. Vitabu vyangu vilikuwa na kurasa nyingi juu ya jambo hilo, na hakuna ukurasa uliolisema vizuri hivyo. Alinijazia galoni ya matone ya kwanza, yale yaliyo mazito, akaniambia niyachuje mara mbili kwa kitambaa, nianze na punje moja tu, na nisiwe na kiherehere.

Kiherehere ndiyo tabia yangu, wote wanaonijua watakwambia. Lakini kwa wiki tisa nilikaa kimya kwenye chumba kile na ile chupa. Nilichofanya ni kuligeuza jiwe upande kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa kijiti, taratibu. Mama wa usafi alijua kinachoendelea, kwa sababu nilimwambia. Jumapili baada ya kanisa alipita kuangalia kama vumbi limeingia, akatandika kanga yake juu ya chupa kwa sababu kitambaa changu, alisema, kilikuwa chepesi mno. Jiwe lilikua likafikia upana wa kifuniko cha soda, na ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake.

Kulikata ilikuwa kazi ya mapigo mawili, na hakuna pigo linalorudiwa. Chumvi hupasuka ikanyooka ukiipiga mahali pake, na ukikosea inakuwa ya mboga. Niliweka wembe, nikashika nyundo ndogo, nikashindwa kupiga. Mama wa usafi alikuwa amekaa kitandani kwangu.

"Piga," akasema. "Likivunjika tutaanza lingine."

Hapakuwa na muda wa kuanza lingine, na wote wawili tulijua. Nikapiga. Likapasuka kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Pigo la pili likavunja kona, lakini sehemu ya katikati ilibaki nzima. Sasa vilibaki vipande viwili vya kung'arishwa, na kazi hiyo sikuifanya mimi. Nilimkabidhi aliyekuwa na mikono ya kuifanya.

"Bila maji, mama. Spiriti tu na kitambaa kikavu."

"Bila maji," akaitikia, na akarudia tena kimoyomoyo midomo ikicheza. Alisugua mchana kutwa. Sijawahi kuona vioo vilivyotakata namna ile.

Gesi niliifuata kwa fundi wa kuchomelea mageti, pale Chang'ombe. Mafundi hawa hutumia kabaidi, mawe ya kijivu ambayo ukiyamwagia maji hutoa asetilini. Nilimwomba anijazie kwenye mpira wa ndani wa mpira wa miguu.

"Ya nini, dada?"

"Kuna mwezi mmoja una gesi hii hewani. Nataka kuilinganisha."

"Huko mwezini wanachomelea mageti?"

"Hakuna watu. Ni gesi tu."

"Basi kuna mtu alisahau kufunga koki," akasema, na karakana nzima ikacheka, na mimi pia nikacheka. Gesi ya kabaidi hutoka na unyevu, na unyevu ungeyala madirisha yangu, kwa hiyo niliipitisha kwanza kwenye bomba lililojaa chokaa kavu, ndipo nikaifungia kwenye bomba la kioo lenye madirisha mapya.

Tume ilikuja siku tatu baadaye. Watu wanne, wakiongozwa na mzee mmoja wa suti aliyetoka Dar es Salaam na aliyekuwa anasumbuliwa na joto. Mkuu aliwapitisha mlangoni kwetu haraka.

"Humu kuna mashine mbovu tu," akasema.

"Si mbovu," nikasema mimi kutoka ndani.

Hakuna aliyenikaribisha kusema. Nilibonyeza swichi, nambari zikaanzia elfu moja na mia moja na kushuka. Karatasi ikaanza kusogea, peni ikachora mstari ulionyooka, ukaendelea kunyooka, na mzee wa suti akaanza kutazama saa. Mama wa usafi alisimama kizingitini na fagio lake. Tulipokaribia mia nane nilishika ukingo wa meza. Chumvi huona mpaka karibu na mia sita na kidogo, baada ya hapo nayo ni kipofu, kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta kilikuwa pale pale ukingoni. Mia saba hamsini. Mia saba arobaini. Kisha peni ikaporomoka, ikachora bonde refu, jembamba, safi, kwenye mia saba ishirini na tisa.

Nilitoa ile karatasi yangu ya droo, nikaikunjua, nikaiweka kando ya ile mpya. Huku mlima wa Titani, huku bonde la Chang'ombe, ncha kwa ncha. Nikawaeleza kila kitu kwa pumzi moja.

Mzee wa suti alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akauliza, "Sasa hii inamsaidia nini mwananchi?"

"Mimi ni mwananchi," nikasema. "Imenisaidia."

Mmoja wao akaandika kitu. Wakaondoka.

Barua ilikuja kabla ya Krismasi. Mashine ilibaki, kwa kuwa tume ilishuhudia kwamba inafanya kazi. Mama wa usafi alibaki. Mimi niliondolewa, kwa kuwa kwenye jalada langu kulikuwa na karatasi niliyokiri kwa mkono wangu kuharibu mali ya umma.

Siku ya makabidhiano mkuu alishika orodha, akisoma na kutia vema. Spektromita moja. Stuli mbili. Bomba la gesi moja. Madirisha ya chumvi mawili.

Nikampa bahasha ya kaki. Akachungulia ule ugaga wa kijivu.

"Nini hii?"

"Madirisha ya serikali. Yote mawili yamo humo, pamoja na sabuni."

"Na yale yaliyokuwa kwenye bomba?"

"Nimeyafungua asubuhi. Yale ni ya mama yangu."

"Bila hayo mashine haioni."

"Chukua yai la kuku, uende Bahi ukajifunze."

Alifungua mdomo kusema neno. Mlangoni mama wa usafi, aliyejua ni nani alimwagiza kusafisha vioo vya mashine, alikuwa amesimama na ndoo yake, anamtazama, na hakuondoa macho. Mkuu akainamisha kichwa, akatia vema, akasaini kwamba amepokea madirisha mawili.

Wiki ile ile nikapanda treni. Mama alisikia habari ya kazi, akasonya, akaniwekea ugali. Nilipomaliza kula nikamtandikia mkekani mchoro wangu, nikamwonyesha bonde la gesi, na mlima wa kule mbali unaolingana nalo. Alifuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudia.

"Chumvi yangu iko wapi hapa?"

"Haionekani, mama. Ingekuwa na uchafu mashine ingeuchora. Huu mstari wote ulionyooka ndiyo yenyewe."

Alipitisha kidole tena juu ya ule mstari. Kisha akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akasimama kutafuta ndala.

"Twende dukani," akasema. "Ukawasomee."